Kizimba cha kinda wa tegu: anza na udongo, si na sanduku

Kwanza tuondoe utata wa jina. Kwa Kiswahili tegu ni yule mnyoo bapa anayeishi tumboni, na makala haya hayamhusu. Tegu tunayemzungumzia ni mjusi mkubwa wa Amerika Kusini. Ukimwona kwa mbali utaapa ni kenge: kichwa kizito, ulimi wenye ncha mbili unaoonja hewa, mkia wa nguvu, na mwendo wa mnyama anayejua aendako. Hata hivyo si kenge, na koo zao hazina uhusiano wa karibu. Wamefanana kwa sababu maisha yao yanafanana. Anayefugwa zaidi ni tegu mweusi na mweupe wa Argentina, kwa jina la kisayansi Salvator merianae, ambaye kwao ni pamoja na Brazili, Uruguay na Paraguay. Akitoka kwenye yai ana sentimita 20 hadi 25 tangu puani hadi ncha ya mkia, na kichwa chake ni cha kijani kibichi, rangi ambayo hufifia kadiri anavyokua. Akikomaa, jike hukaribia mita moja, na dume huvuka hapo. Wapo wanaofika mita 1.4.

Anayemleta kinda wa namna hii nyumbani huwa ameshauliza maswali yake: kizimba cha ukubwa gani, balbu ya aina gani, nyuzi joto ngapi, unyevu asilimia ngapi. Na majibu huwa ameyapata, kila moja sahihi. Tatizo huanza anapoyaweka pamoja. Joto limekaa sawa, lakini hewa imekauka. Ananyunyiza maji, joto linashuka. Anaweka balbu kali zaidi, udongo unakauka juu kama vumbi. Ananyunyiza tena, mara tatu, mara nne kwa siku. Baada ya wiki kadhaa mjusi ana malengelenge tumboni kwa kulalia maji, na wakati huohuo ngozi ya zamani imegandamana vidoleni kwa ukavu. Ameshambuliwa na maji na ukame kwa pamoja, ndani ya sanduku moja.

Mwenye mjusi hakuzembea. Alichokosa ni kuambiwa kwamba joto, unyevu, mwanga na kina cha udongo haviwezi kupangwa kimoja kimoja. Ukigusa kimoja umegusa vyote. Ndiyo maana nashauri mpangilio usianze na sanduku wala balbu, uanze na udongo. Ukishaelewa udongo unafanya kazi gani, mengine yote yanajipanga nyuma yake.

Jua mgongoni, unyevu tumboni

Porini tegu ni mchimbaji. Ana makucha marefu na mabega yenye nguvu, na maisha yake yanazunguka shimo lake. Asubuhi hutoka, huota jua hadi mwili upate moto, ndipo aende kutafuta chakula. Joto likizidi au hatari ikitokea, hurudi chini. Kipupwe kinapoingia hukaa shimoni kwa miezi mfululizo, mwili ukiwa umepunguza kasi ya kila kitu. Kule chini joto halipandi wala kushuka ghafla, na hewa ina unyevu mwingi.

Kwa hiyo mnyama huyu anahitaji vitu viwili vinavyoonekana kupingana: jua kali juu ya mgongo na ardhi yenye unyevu chini ya tumbo. Porini havipingani kwa sababu viko sehemu mbili tofauti, naye huhama kati yake mara nyingi kwa siku. Kizimba kizuri ni kile kinachomwachia uhuru huo wa kuhama. Kizimba kilichopashwa joto sawa kila pembe, hata kama joto hilo ni lile lililoandikwa vitabuni, kimemnyang'anya njia pekee aliyonayo ya kurekebisha mwili wake.

Niseme jambo moja la pembeni, kwa kuwa huchanganya watu. Mwaka 2016 watafiti walichapisha matokeo yaliyoshangaza wengi: tegu wakubwa, katika msimu wa kuzaana, waliweza usiku kuweka miili yao hadi nyuzi 10 juu ya joto la shimo walimolala. Ni jambo adimu mno kwa mjusi. Lakini lilihusu wanyama waliokomaa, katika msimu maalumu. Kinda wa gramu chache hana akiba hiyo ya joto, na asiachwe kwenye baridi kwa kisingizio kwamba tegu hujipasha mwenyewe.

Kwa nini joto hula unyevu

Hapa ndipo fundo lenyewe lilipo, na ninaomba tulifungue polepole.

Hewa hubeba mvuke wa maji, na kadiri inavyopata joto ndivyo uwezo wake wa kubeba unavyokua. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 20 inaweza kubeba takriban gramu 17 za mvuke. Ikifika nyuzi 32 inaweza kubeba karibu gramu 34, yaani maradufu. Sasa, ile asilimia unayoisoma kwenye kipimaunyevu haisemi kuna maji kiasi gani hewani. Inasema hewa hiyo imejaa kwa kiasi gani ikilinganishwa na uwezo wake kwa joto lile. Chukua hewa ya nyuzi 25 yenye unyevu wa asilimia 80, ambayo tegu ataifurahia. Ipashe hadi nyuzi 35 bila kuongeza wala kupunguza hata tone. Kipimo kitashuka hadi asilimia 46 hivi. Maji ni yaleyale. Chombo kilichoyabeba ndicho kimekuwa kikubwa.

Ukilielewa hilo, nusu ya hofu inaondoka. Chini ya taa patasoma kavu siku zote, na hapana kosa lolote. Hata nyikani jiwe lililochomwa na jua la saa sita ni kavu. Kipimaunyevu kining'inizwe upande wa baridi, karibu na uso wa udongo, kwa sababu hapo ndipo kinda anapopumulia sehemu kubwa ya siku yake. Lenga asilimia 70 hadi 80 mahali hapo. Ikishuka usawa wa 60 kwa saa chache mchana si balaa, mradi shimoni kumebaki na unyevu.

Jambo la pili ni kwamba hewa ya moto hupanda. Kizimba chenye kifuniko cha wavu mtupu hugeuka dohani: hewa yenye joto na mvuke inatokea juu, hewa kavu ya chumbani inavutwa kuingia mahali pake, na mzunguko huo haukomi mpaka taa zizimwe. Unaweza kunyunyiza maji mchana kutwa na usishinde. Dawa ni kuziba sehemu kubwa ya juu kwa ubao au bati, ukiacha matundu machache ya hewa, moja au mawili chini upande wa baridi na mengine juu upande wa joto. Hewa iendelee kupita, lakini ipite polepole. Usizibe kwa plastiki wala kitambaa karibu na taa. Nyumba zimeungua kwa makosa madogo kuliko hayo.

Na maji yatoke wapi, ikiwa si kwenye chupa ya kunyunyizia? Yatoke chini. Udongo wenye kina ni tangi la akiba. Ukimimina maji taratibu kwenye pembe za kizimba, yatashuka hadi sakafuni bila kulowesha uso, kisha yatapanda kidogo kidogo kama mvuke kwa siku kadhaa. Juu pakavu kiasi, chini pabichi: hali hiyo ndiyo inayozuia malengelenge tumboni na ngozi kugandamana vidoleni kwa wakati mmoja. Kunyunyiza hakukatazwi, ila hakuwezi kuwa chanzo kikuu cha maji.

Udongo wenyewe

Kwa kinda, kina kisipungue sentimita 15, na 20 ni bora zaidi. Atakapokomaa atahitaji 30 hadi 60. Watu wengi huona ni kupita kiasi kwa mjusi anayetosha kiganjani, lakini kina hakipimwi kwa ukubwa wake wa leo. Udongo wa sentimita 5 hukauka wote kwa siku moja chini ya taa, na hauwezi kushika shimo. Hauna upande wa juu na wa chini, na hapo ile siri ya jua mgongoni na unyevu tumboni imekufa.

Mchanganyiko ninaoupendelea ni udongo wa juu wa bustani usio na mbolea wala dawa, uliochanganywa na mchanga safi, kisha ukaongezwa chembe za makumbi ya nazi ili ushike maji. Vipande vidogo vya magome ya miti yasiyo na utomvu mkali hufaa pia. Mbao na maranda ya mierezi na misonobari yaepukwe, kwa kuwa mafuta yake yenye harufu hudhuru mapafu na ngozi ya watambaazi. Makumbi matupu yana kasoro moja: yakikauka huwa vumbi jepesi linaloingia machoni na puani. Mchanga mtupu ndio mbaya kuliko vyote. Haushiki shimo, haushiki maji, na akiumeza pamoja na chakula unaweza kumziba utumbo. Kwa sababu hiyohiyo chakula chake kiwekwe kwenye sahani bapa.

Jaribio la mchanganyiko ni la mkono. Chota konzi moja, ufinyange. Ukifungua kiganja na donge limesimama bila kuchuruzika maji, umepatia. Likimeguka papo hapo, ongeza maji au udongo. Likitoa maji, umezidisha. Kisha toboa donge hilo kwa kidole. Tundu lisipoporomoka, la mjusi halitaporomoka.

Kuna hesabu moja ambayo husahaulika hadi meza inapovunjika. Kizimba chenye sakafu ya sentimita 120 kwa 60 kikijazwa udongo wa kina cha sentimita 20 kinabeba lita 144 za udongo. Ukiwa na maji, mzigo huo unaweza kupita kilo 150. Stendi iwe imara, sakafu ya kizimba iungwe kwa mbao za kutosha chini yake, na maungio ya ndani yazibwe kwa silikoni ili maji yasiozeshe ubao. Pia mawe na magogo mazito yakae juu ya sakafu yenyewe kabla udongo haujamiminwa, au yasimamishwe juu ya nguzo zinazogusa sakafu. Ukiweka jiwe juu ya udongo, atachimba chini yake. Hiyo ndiyo tabia yake. Na jiwe litamwangukia.

Jambo la mwisho kuhusu udongo: usiupashe joto kutokea chini. Mikeka ya umeme na mawe bandia ya umeme huuzwa kwa ajili ya watambaazi, lakini tegu anapochimba anafuata ubaridi. Miaka mingi ya asili imemfundisha kwamba chini ni kimbilio. Akikuta moto huko, hana pengine pa kukimbilia, na wengi wameungua matumbo kwa sababu hawaondoki.

Sanduku

Sasa sanduku linaweza kuja, na linakuja likiwa limeshapangiwa masharti: libebe udongo mzito, lizuie unyevu, na liwe refu vya kutosha kwenda juu ili baada ya udongo bado ibaki nafasi ya taa.

Kwa kinda, urefu wa sentimita 120, upana 60 na kimo 60 unatosha mwanzoni. Tegu mkubwa anahitaji si chini ya mita 2.4 kwa 1.2, na kimo cha mita 1.2. Mwaka wa kwanza hukua kwa kasi inayotisha. Wengi huvuka sentimita 60 kabla ya kutimiza mwaka, na kile kizimba cha kwanza kinakuwa kimekwisha kazi. Kuna ubishi wa kudumu juu ya kumweka kinda moja kwa moja kwenye kizimba cha mtu mzima. Hoja ya wanaopinga ni kwamba ataogopa. Kwa maoni yangu uwazi ndio unaomtisha: kizimba kikubwa kilichojaa maficho, magome na majani ni salama kwake kuliko kidogo kilicho tupu. Kama una nafasi na fedha, jenga kikubwa tangu mwanzo na ukijaze. Kama huna, anza na kidogo, lakini ujue tarehe ambayo kikubwa kitakuwa tayari. Asiyeweza kuona kwa macho ya akili mahali ambapo kile cha mita 2.4 kitakaa nyumbani mwake, namsihi asimchukue kinda.

Kuhusu vifaa, paneli za PVC hushika joto na haziozi. Plaiwudi iliyopakwa vanishi isiyopitisha maji na kuachwa ikauke wiki kadhaa hadi harufu iishe ni njia nzuri ya bei nafuu. Tangi la kioo la samaki linawezekana kwa miezi ya mwanzo tu: kioo hupoteza joto, na mlango wake uko juu. Suala la mlango ni zito kuliko linavyoonekana. Maadui wakubwa wa kinda porini ni ndege, nao hutokea juu. Kila mkono unaoshuka kutoka juu, kwake ni mwewe. Milango ya mbele ya kuteleza inamwezesha kukuona ukija, na mara nyingi hiyo ndiyo tofauti kati ya mjusi atakayekubali kushikwa baada ya miezi michache na yule atakayebaki kukimbia kwa hofu. Kizimba kikikaa usawa wa kifua chako badala ya sakafuni, ni bora zaidi. Ziba pande tatu ili asione nje.

Milango iwe na kufuli. Tegu ana nguvu na udadisi, na akitoroka katika nchi yenye joto anaweza kuishi na kuzaana. Huko Florida, Marekani, wale walioachiwa au kutoroka wameshakuwa wakazi wa porini wanaokula mayai ya ndege na watambaazi wengine, na tangu 2021 jimbo hilo limewaweka kwenye orodha ya wanyama waliopigwa marufuku. Kimataifa biashara yao iko chini ya Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba unaosimamia biashara ya wanyama na mimea pori kati ya nchi. Uliza sheria ya unakoishi kabla ya kugonga msumari wa kwanza.

Jua la kutengeneza

Taa za tegu zinafanya kazi mbili, joto na miale ya urujuanimno aina ya B (UVB), na mara nyingi zitoke kwenye vifaa viwili tofauti.

Joto litoke kwenye balbu za halojeni za kumulika eneo pana. Nasema balbu, kwa wingi. Balbu moja kali huunguza sehemu moja ya mgongo huku miguu na mkia vikibaki baridi, naye hukaa hapo muda mrefu akitafuta joto ambalo halimfikii mwili mzima. Balbu mbili za nguvu ndogo zilizopangwa sambamba hutengeneza eneo linalomfunika mwili wote. Chini yake weka jiwe bapa au gogo nene. Uso wa jiwe ufike nyuzi 40 hadi 45. Wapo wafugaji wazoefu wanaofika 50. Hewa ya upande huo iwe nyuzi 29 hadi 32, na upande wa pili 24 hadi 27. Uso wa jiwe upimwe kwa kipimajoto cha infraredi, kile cha kuelekeza kama bastola, baada ya taa kuwaka saa moja au zaidi. Vipimo vya kubandika ukutani vipuuzwe, vinapima ukuta.

Miale ya UVB ni habari ya mifupa. Ikigusa ngozi hugeuza kemikali iliyomo humo kuwa kianzio cha vitamini D3, joto la mwili hukamilisha kazi, kisha ini na figo huigeuza kuwa homoni inayofungua njia ya kalsiamu kutoka utumbo kwenda kwenye damu. Bila mnyororo huo, kalsiamu unayomnyunyizia kwenye wadudu wake inapita tu. Kinda anayerefuka kwa kasi huku hana kalsiamu huichota kutoka mifupani mwake: taya linalainika, vidole vinatetemeka, miguu inapinda. Ukiona dalili hizi, daktari wa mifugo anayewajua watambaazi aonwe siku hiyohiyo.

Tumia taa ya UVB ya mrija mrefu mwembamba, aina ya T5, iliyoandikwa UVB asilimia 10 hadi 12, si balbu ndogo za kujipinda ambazo hufunika eneo dogo mno. Uchukue karibu nusu ya urefu wa kizimba na uwe kando ya balbu za halojeni, ili joto na miale viangukie mahali pamoja, kama jua linavyofanya. Upande wa pili ubaki na kivuli. Kioo na plastiki huzuia miale hii, hivyo jua la dirishani halisaidii kitu. Wavu wa chuma huipunguza kwa theluthi moja au zaidi. Tena mrija huendelea kuwaka vizuri machoni pako wakati UVB yake imekwisha. Badilisha kila baada ya miezi 6 hadi 12 kufuatana na aina, au upime. Kwa mwenye kipimo cha fahirisi ya UV, yaani ukali wa miale hiyo, lenga 3 hadi 4 usawa wa mgongo wa mjusi akiwa juu ya jiwe.

Usawa wa mgongo, si usawa wa sakafu. Hapa kina cha udongo kinarudi kudai haki yake. Kizimba cha kimo cha sentimita 60, ukitoa udongo 20, ukitoa jiwe 10, zimebaki 30 hadi kwenye dari, na taa nayo ina unene wake. Anayesoma kwamba taa ikae sentimita 40 kutoka kwa mjusi, akapima kutoka sakafu tupu, amemsogeza mnyama karibu mno na moto na miale bila kujua. Pima baada ya udongo kuingia. Kila balbu ya joto iliyo ndani iwe na kizuizi cha waya, kwa kuwa kinda hupanda, na holda ziwe za kauri.

Usiku taa zote zizimwe. Balbu nyekundu zinazouzwa kwa ajili ya usiku humsumbua, kwani huona mwanga huo. Joto likishuka hadi nyuzi 22 si shida. Chini ya hapo tumia kitoa joto cha kauri kisicho na mwanga, kilichofungwa kwenye themostati, yaani kifaa kinachokiwasha na kukizima kufuatana na joto. Mchana uwe saa 12 hadi 14 za mwanga, ukiongozwa na taima. Kipupwe kikikaribia kinda anaweza kupunguza kula na kulala zaidi hata kama taa hazijabadilika. Kabla hujasema ni usingizi wa msimu, pima joto na UVB upya, kwa sababu kizimba kilichopoa huleta dalili zilezile.

Maficho na maji

Maficho yawe matatu: moja upande wa joto, moja upande wa baridi, na la tatu lenye unyevu mwingi, kwa mfano boksi lenye tundu lililojazwa sfagnamu, mmea laini unaoshika maji kama sifongo, iliyoloweshwa na kukamuliwa. Yawe ya kubana. Kinda hujisikia salama anapogusa kuta pande zote. Ficho pana halimfichi. Mimea hai ataing'oa, basi tumia majani makavu na magome. Chombo cha maji kiwe kipana kiasi cha yeye kuingia mwili mzima, maana huingia, na hujisaidia humo. Kisafishwe kila siku, na mikono inawiwe kila mara kwa sababu watambaazi hubeba salmonela. Na awe peke yake. Hata ndugu wa tumbo moja hung'atana mikia.

Washa kila kitu wiki moja kabla hajafika. Andika vipimo asubuhi, mchana na usiku, urekebishe huku hakuna wa kuumia. Akiingia, tarajia kutoweka. Atachimba, na huenda usimwone siku tatu, pengine wiki nzima, isipokuwa pua inayochungulia. Kumfukua ili kuhakikisha yu hai ni kosa linaloharibu miezi ya imani, na kinda anayekamatwa kwa hofu anaweza kuukata mkia wake. Weka chakula na maji, washa taa, ondoka.

Akishazoea, yeye ndiye atakayekusomea kizimba. Anayelala juu ya jiwe kutwa nzima bila kuhama hapati moto wa kutosha. Anayekimbia taa kila mara, au kukaa mdomo wazi upande wa baridi, amezidiwa. Akisugua pua kwenye kioo hadi ichubuke, nafasi imembana au anaona nje kupita kiasi. Akipumua kwa sauti na kutoa mapovu puani, baridi na maji vimekutana mahali pasipo pake, na hilo ni la daktari.

Halafu chukua futi yako upime tena kutoka kwenye taa, wiki ya kwanza na kila wiki baadaye. Udongo ulioutandaza sawasawa hautakuwa sawasawa tena. Atakuwa ameutoa pembeni na kuurundika katikati, na mara nyingi kilima hicho hukua palepale chini ya halojeni, sentimita 8 au 10 juu kuliko ulivyopanga, naye yuko kileleni akiota jua.